Jiwe Liitwalo Pemba Angani, na "Nyota" Inayodaiwa Kusafishwa



Limetufikia swali kutoka kwa mama mmoja wa Wete, Pemba, ambaye mwanawe anasoma chuo Morogoro. Tunalijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu tunaamini si yeye peke yake anayedaiwa pesa kwa jambo kama hili.

Mwezi wa Disemba kijana huyo na wenzake walipanda Milima ya Uluguru, wakalala huko juu, mbali na taa za mji. Usiku wa manane wakaona vimondo vikipita angani, kimoja baada ya kingine. Baada ya muda matokeo ya mitihani yakatoka, na kijana hakufaulu masomo mawili. Mwenzake akamtania: "Nyota ya kwenu imeanguka, tuliiona sote." Kisha akamwonesha kwenye simu kwamba kweli angani kuna kitu kinaitwa Pemba. Utani ule ukamwingia moyoni. Akampigia mama yake, mama akamsimulia jirani, na jirani akampeleka kwa mtu anayesema anasafisha nyota za watu. Mtu huyo ametaka jina la kijana, jina la mama yake, na shilingi laki mbili.

Mama anauliza mambo matatu. Je, ni kweli kuna nyota ya Pemba? Je, inaweza kuanguka? Na pesa hizi azitoe?

Jibu kwa ufupi ni hili: Mama yetu, pesa usitoe. Kitu kinachoitwa Pemba kipo kweli, lakini si nyota, hakijaanguka, na hakina uhusiano wowote na masomo, rizki wala umri wa mtu yeyote. Maelezo yake ni haya yafuatayo.

Pemba ya angani ni kitu gani?

Nyota ni kama jua letu: ni tufe kubwa la gesi yenye moto mkali, linalotoa nuru yake lenyewe. Pemba ya angani si hivyo. Ni jiwe. Halina nuru yake, bali linaonekana kwa kuakisi mwanga wa jua, kama ulivyo Mwezi. Mawe ya namna hii yanayolizunguka jua huitwa asteroidi, na wengine huyaita sayari ndogo.

Asteroidi nyingi zinapatikana katika eneo lililo kati ya mzingo wa Mirihi na mzingo wa Mushtarii. Eneo hilo huitwa ukanda mkuu wa asteroidi. Ya kwanza kugunduliwa ni Ceres, iliyoonwa na Giuseppe Piazzi huko Palermo, Sicily, tarehe 1 Januari 1801. Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote katika ukanda huo, ina upana wa kilomita 940 hivi. Leo zimeshahesabiwa asteroidi zaidi ya milioni moja. Hata hivyo, ukizikusanya zote za ukanda mkuu pamoja, uzito wake haufiki sehemu ya ishirini ya uzito wa Mwezi wetu.

Mtu akisikia neno "ukanda" anaweza kufikiri mawe hayo yamebanana kama kokoto za pwani. Sivyo. Nafasi baina ya jiwe na jiwe ni kubwa mno. Chombo cha Marekani kiitwacho Pioneer 10, kilichorushwa mwaka 1972, kilikuwa cha kwanza kuuvuka ukanda huo, na kilipita salama.

Pemba ni moja ya zile ndogo. Upana wake unakadiriwa kuwa kilomita 10. Kwa aliyeko kisiwani, huo ni mwendo unaozidi kidogo ule wa kutoka mjini Chake Chake hadi uwanja wa ndege. Kwa aliyeko Morogoro, afikirie hivi: kilele kirefu cha Uluguru kina urefu wa mita 2,600 na kidogo kutoka usawa wa bahari. Lau jiwe hili lingewekwa kando yake, lingeupita mlima ule kwa zaidi ya mara tatu. Ni dogo kwa hesabu za anga, lakini si dogo kwa hesabu zetu.

Jiwe hilo hulizunguka jua mara moja kwa muda wa miaka minne na mwezi mmoja hivi. Njia yake si duara kamili, bali imevutika kama yai. Linapolikaribia jua huwa umbali wa kilomita milioni 250 hivi, na linapokuwa mbali zaidi hufika kilomita milioni 510 hivi. Dunia yetu iko umbali wa kilomita milioni 150 kutoka kwenye jua. Kwa hiyo Pemba ya angani, hata inapokuwa karibu kabisa na jua, bado iko nje ya njia ya dunia kwa kilomita milioni 100 hivi. Huo ni umbali wa karibu mara 250 ya ule wa kutoka hapa hadi Mwezini.

Haionekani kwa macho, hata kwa anayelala juu ya Uluguru usiku wa giza totoro. Inahitaji darubini nzuri, na mtu anayejua aielekeze wapi. Kwa hiyo kijana na wenzake hawakuiona usiku ule, wala hawawezi kusema kwamba imetoweka.

Jina la Pemba lilitoka wapi?

Jiwe hili liligunduliwa tarehe 2 Julai 1937 katika kituo cha darubini cha Johannesburg, Afrika Kusini. Aliyeligundua ni Cyril Jackson, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Afrika Kusini na wazazi wake akiwa mtoto. Katika maisha yake Jackson aligundua asteroidi 72.

Njia ya kuyatafuta mawe hayo ilikuwa ya subira. Mtafutaji hupiga picha ya kipande kimoja cha anga, kisha hukipiga tena baadaye. Halafu huzitazama picha mbili kwa kifaa kinachozibadilisha haraka haraka mbele ya jicho. Nyota zote hubaki mahali pake. Kitu kikionekana kimeruka kutoka hapa kwenda pale, basi hicho si nyota, kwa sababu kinatembea mbele ya nyota. Hapo kazi ndiyo inaanza: kukifuata usiku baada ya usiku, kuandika kilipo, na kupiga hesabu ya njia yake. Njia ikishajulikana kwa uhakika, jiwe hupewa namba ya kudumu, na mgunduzi hupata nafasi ya kulipendekezea jina. Namba ya Pemba ni 1429.

Jackson alikuwa na mazoea ya kutumia majina ya Afrika. Asteroidi namba 1278 ni Kenya na 1279 ni Uganda, zote alizigundua mwaka 1933. Namba 1356 ni Nyanza, ya mwaka 1935. Mwaka 1937 pekee alipata namba 1427, akaiita Ruvuma kwa jina la mto ule wa kusini. Kisha 1428 Mombasa, 1429 Pemba, na 1430 Somalia. Mombasa ni kubwa zaidi kuliko Pemba, upana wake unazidi kilomita 50. Basi kama jiwe la angani lingekuwa linabeba bahati ya watu wa mahali, watu wa Mombasa wangetakiwa wawe na bahati mara tano yetu. Hakuna mwenye akili anayesema hivyo.

Mwaka ule wa 1937 visiwa vyetu vilikuwa chini ya Sultan Khalifa bin Haroub, na Waingereza ndio waliokuwa na nguvu ya utawala. Wazee wa Pemba walikuwa wakichuma karafuu zao bila kujua kwamba huko Johannesburg limegunduliwa jiwe la angani ambalo lingepewa jina la kisiwa chao. Hawakuzidishiwa chochote kwa jina hilo, wala hawakupunguziwa. Jina ni alama tu ya kutofautisha jiwe hili na jiwe lile, kama nahodha anavyoliandika jina dau lake.

Ametumia watu wa mataifa mengi heshima hiyo. Wapo pia wanazuoni wa Kiislamu waliopewa majina ya asteroidi: namba 9936 inaitwa Al-Biruni, na namba 2439 ni Ulugbek, yule mtawala wa Samarkand aliyejenga kituo kikubwa cha kuangalia nyota katika karne ya 15. Hawa ni watu waliopima anga kwa hesabu, na hawakupata heshima hiyo kwa kuwatabiria watu maisha yao.

Basi vijana waliona nini Uluguru?

Kimondo si nyota iliyoanguka. Nyota zote ulizozihesabu jana ziko pale pale leo. Kimondo ni punje ya vumbi au kijiwe kidogo, mara nyingi si zaidi ya chembe ya mchanga au kokoto, kinachoingia kwenye hewa ya dunia kwa kasi kubwa sana. Hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata joto kali, punje ikaungua, nasi tukaona mstari wa nuru kwa sekunde moja au mbili. Jambo hili hutokea juu sana, kiasi cha kilomita 80 hadi 100 kutoka ardhini, yaani kama nusu ya safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, ila kwenda juu.

Kila mwaka, katikati ya Disemba, hasa usiku wa tarehe 13 na 14, vimondo huwa vingi. Wanafalaki huviita Geminidi, kwa sababu vinaonekana kama vinatoka upande wa kundi la nyota la Mapacha. Sababu yake inajulikana: kuna asteroidi iitwayo Phaethon, iliyogunduliwa mwaka 1983, ambayo imeacha vumbi katika njia yake. Dunia hupita katika vumbi hilo Disemba kila mwaka. Anayekuwa mahali penye giza, mbali na taa, huona kimondo kimoja baada ya kingine, na mjini mtu huyo huyo angeona vichache sana. Yaelekea hicho ndicho walichokiona vijana wetu. Kingetokea hata kama hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyefanya mtihani mwaka huo, na kitatokea tena Disemba ijayo.

Mawe yaliyoanguka kweli nchini kwetu

Isije ikafahamika kwamba hakuna jiwe linaloanguka kutoka angani. Yapo, na Tanzania ina mifano mashuhuri duniani.

Wa kwanza ni Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe. Ni pande la chuma lenye mchanganyiko wa nikeli, urefu wake ni kama mita tatu, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Watu huenda kulitazama na kuligusa.

Wa pili ni wa Ivuna, upande wa bonde la Rukwa. Tarehe 16 Disemba 1938, mwaka mmoja na nusu hivi baada ya Jackson kuigundua Pemba, lilianguka jiwe huko Ivuna. Lilikuwa na uzito wa gramu 705 tu, lakini thamani yake kwa elimu ni kubwa mno. Lilikuwa jeusi, lenye kaboni, na madini yake yalikuwa na maji ndani yake. Mawe ya aina hiyo ni machache sana duniani, na hata jina la aina yenyewe limetokana na Ivuna. Mwaka 2020 chombo cha Japani kilichoitwa Hayabusa2 kilileta gramu 5 na kidogo za udongo wa asteroidi iitwayo Ryugu. Wataalamu walipoupima, wakakuta unafanana sana na jiwe la Ivuna. Yaani Wajapani walisafiri mamilioni ya kilomita kuchukua kitu ambacho ndugu yake alikuwa ameshaanguka kwetu.

Mawe yote hayo mawili ni vipande vilivyovunjika kutoka kwenye mawe makubwa ya angani. Hakuna lililoanguka kwa ajili ya bahati mbaya ya mtu fulani.

Jiwe la Uluguru linalotufundisha umri

Huenda mtu akauliza: mawe haya yamekuwepo tangu lini? Hapa kijana wetu hakuwa na haja ya kwenda mbali, kwa sababu sehemu ya jibu imo ndani ya mlima aliolala juu yake.

Mwaka 1906, enzi za utawala wa Wajerumani, mkemia Willy Marckwald alieleza madini mapya ya rangi ya manjano yaliyotoka Lukwengule, katika Milima ya Uluguru. Ndani yake mna urani. Aliyaita rutherfordini, kwa heshima ya mwanasayansi Ernest Rutherford. Hadi leo, katika vitabu vya madini duniani, Uluguru ndiyo inayotajwa kuwa mahali pa asili pa madini hayo.

Rutherford ni miongoni mwa watu wa kwanza kufahamu kwamba urani inaweza kutumika kama saa. Urani hugeuka taratibu, hatua kwa hatua, mpaka ikawa risasi, yaani ile metali ya kuundia betri za gari. Mwendo wake haubadiliki: aina yake iliyo nyingi zaidi huchukua miaka bilioni 4 na nusu hivi hadi nusu yake igeuke. Kwa hiyo ukipima ni urani kiasi gani iliyobaki na ni risasi kiasi gani iliyozaliwa, unapata umri wa jiwe. Kwa njia hiyo fuwele zenye urani za Uluguru zimepatikana kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 500.

Saa hiyo hiyo ya urani na risasi ilitumika kwa vimondo. Mwaka 1956 Clair Patterson wa Marekani alitoa hesabu yake: mawe yaliyotoka angani, pamoja na dunia yenyewe, yana umri wa miaka bilioni 4.55. Vipimo vya baadaye vimeithibitisha hesabu hiyo kwa tofauti ndogo tu. Mawe ya ukanda mkuu ni mabaki ya wakati huo. Ni vitu ambavyo havikukusanyika vikawa sayari, kwa sababu mvuto wa Mushtarii uliendelea kuvivuruga.

Tazama basi, mama yetu. Mawe yale yamekuwa yakilizunguka jua kwa maelfu ya mamilioni ya miaka. Jina la Pemba mojawapo limelipata baada ya kugunduliwa mwaka 1937. Na mtu anataka laki mbili akidai ya kwamba jambo hilo linahusu mitihani miwili ya mwanao.

Je, upo wakati wa kuogopa?

Haki ya msomaji ni kuelezwa ukweli wote. Asteroidi zinazozifikia njia za dunia zipo, na baadhi zinaweza kudhuru. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe lenye upana wa mita 20 hivi lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Watu zaidi ya elfu moja waliumia, wengi wao kwa vioo vya madirisha. Waliona mwanga mkali, wakakimbilia madirishani kutazama, na mshindo ukaja baadaye ukavunja vioo mbele ya nyuso zao. Fundisho la kukumbuka na kuwafundisha watoto: ukiona mwanga mkali usio wa kawaida angani, kaa mbali na vioo kwa dakika kadhaa.

Na miaka milioni 66 iliyopita jiwe lenye upana wa kilomita 10 hivi, kama wa Pemba, liliipiga dunia mahali ambapo sasa ni Mexico, na viumbe wengi wakaangamia. Hii ndiyo sababu wataalamu hawachoki kuyahesabu mawe haya. Yaliyo makubwa namna hiyo na yanayoikaribia dunia yameshajulikana karibu yote, na Pemba si miongoni mwake, kwani njia yake haikutani na yetu.

Tarehe 26 Septemba 2022 Marekani ilikigongesha chombo kiitwacho DART kwa makusudi kwenye asteroidi ndogo iitwayo Dimorphos, yenye upana wa mita 160 hivi, ili kujaribu kama njia ya jiwe inaweza kubadilishwa. Muda wake wa kuzunguka ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Binadamu, kwa elimu aliyopewa na Mola wake, ameanza kujua namna ya kujikinga. Kinga hiyo imetokana na kupima na kuhesabu, na haikuhitaji jina la mama wa mtu yeyote.

Falaki na ramli ni vitu viwili

Katika lugha yetu neno "nyota" limebeba maana mbili. Nyota ni ile ya angani. Tena tunasema "fulani ana nyota", tukikusudia kwamba anapendwa na watu. Kama ni msemo tu wa lugha, watu wamezoea kuutumia. Tatizo linaanza pale mtu anaposhika maana ya pili akaifunga na ya kwanza, akadai kwamba kila mtu ana kitu chake huko juu, kinachochafuka, kinachofifia, na kinachosafishwa kwa malipo. Kitu hicho hakipo angani, na aliyetazama kwa darubini hajakikuta. Nacho hakimo katika dini.

Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa wakiona kimondo husema: usiku huu amezaliwa mtu mkubwa, au amekufa mtu mkubwa. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliwasahihisha Maswahaba katika jambo hilo hilo, akawaeleza kwamba kimondo hakirushwi kwa ajili ya kifo cha mtu wala uhai wake. Na alipofariki mwanawe Ibrahim, jua likapatwa siku hiyo, watu wakaanza kuhusisha mambo mawili hayo. Naye, pamoja na msiba wake, akasimama kuwaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya mtu. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume, basi kimondo cha Uluguru hakikupita kwa ajili ya mtihani wa mwanafunzi.

Qur'ani imetaja vimondo, kama ilivyo katika Suratul-Mulk na Suratus-Swaaffaat, kwamba mbingu ya karibu imepambwa, na kwamba mashetani hurushiwa. Hiyo ni habari ya ghaibu, nasi tunaiamini kama ilivyokuja. Mwenye kupima kimondo kwa darubini anaeleza tunachokiona kwa macho. Hana haja ya kugombana na aya, wala aya haimzuii kupima. Wanazuoni wa mwanzo wameeleza kwamba nyota zina faida zilizotajwa, miongoni mwake pambo na uongofu wa wasafiri, na wakaonya dhidi ya kuzitafutia bahati za watu.

Elimu ya falaki ya kuhesabu nyakati za swala, kibla, miandamo na njia za sayari ni elimu yenye manufaa. Wakulima wetu walikuwa wakiitazama Kilimia wapate kujua msimu, na manahodha wakijiongoza kwa nyota usiku. Ama kupiga ramli na kutazamia ni jambo lililokatazwa kwa mkazo, na imekuja katika Hadithi kwamba anayemwendea mtazamiaji akamuuliza jambo, swala zake za siku arubaini hazikubaliwi, na wanazuoni wamesema kwamba bado ni wajibu wake kuziswali. Aliyekwenda kwa kutojua, mlango wa toba uko wazi. Mama yetu asikate tamaa kwa kuwa amefikishwa pale na jirani.

Nini kifanyike sasa?

Kwanza, usirudi kwa mtu yule, wala usimpe jina la mwanao. Akikutisha kwamba mambo yatazidi kuharibika usipolipa, jua kwamba vitisho ndiyo biashara yenyewe.

Pili, mpigie kijana umwambie maneno ya wazi: "Mwanangu, Pemba ya angani iko mahali pake." Kisha muulize kilichomfelisha. Huenda alichelewa kufungua chuo, au somo ni gumu kwake, au hali ya nyumba aliyopanga haimpi utulivu, au ana jambo linalomsumbua na anaona haya kulisema. Kufeli masomo mawili kuna sababu zake hapa hapa ardhini, na vyuo vina utaratibu wa mtihani wa marudio. Aende kwa mwalimu wake wa somo na mshauri wake wa masomo mapema, kabla ya tarehe za kujiandikisha hazijampita.

Tatu, laki mbili hizo, kama zipo, zitamfaa kwa chakula, vitabu au nauli. Na kama hazikuwepo na ulikuwa uzikope, basi umeepushwa na deni.

Nne, usiache dua. Dua ya mzazi kwa mwanawe haihitaji dalali, wala haina bei.

Na kijana wetu, ukipanda tena Uluguru Disemba ijayo, tandika mkeka, jifunike vizuri maana huko juu kuna baridi, uvitazame vimondo kwa furaha na kumtukuza aliyeviumba. Mwenzako akikutania tena, mwambie namba ya jiwe lenu ni 1429, aende akalitafute.

Wa Allaahu a'lam.